Kwa nini Porsche haikushinda Safari, na kwa nini Probox ya Kapsokwony inainua pua

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Kazi ilinizidi (mteja mmoja, hifadhidata moja, usiku mwingi), halafu nikapanda nyumbani Kapsokwony kupumzisha macho. Kwa hiyo leo hakuna programu. Leo ni magari, ingawa mkifika katikati mtaona kwamba bado naongea juu ya kazi yangu.

Anayejua upande huu wa Mlima Elgon anajua Probox. Alfajiri zinapakiwa viazi, vitunguu na kabeji kushuka soko la Chwele. Jioni zinarudi na sukari, unga na simiti. Mzee mmoja wa steji, dereva wa miaka mingi, alinishika mkono akaniambia: "Kijana, wewe ni mtu wa kompyuta. Hii gari nikipanda na simiti pua inakuwa nyepesi kama pikipiki. Nageuza usukani, inaenda mbele tu. Nimewekewa raba kwa springi za nyuma na bado. Halafu juzi nikishuka mtupu, mvua imenyesha, mkia ukanitoka kwa kona. Shida ni nini?"

Nikamjibu, "Nitaangalia, mzee." Ndivyo sisi watu wa programu tunavyosema tukiwa hatujui. Lakini neno lake la mwisho lilinikosesha usingizi, kwa sababu kona za barabara hii hazina ukuta wa kukudaka. Nikafungua daftari, hesabu ikanipeleka mbali: Safari Rally, miaka sabini ya historia, na swali ambalo wapenzi wa magari wamebishania tangu nikiwa mtoto. Porsche 911, gari lililoshinda karibu kila mahali, mbona halikuwahi kushinda Safari Rally?

Tuanze na hesabu ya mzee. Gari limekaa juu ya ekseli mbili kama ubao juu ya mawe mawili. Ukiweka mzigo katikati ya mawe, yote mawili yanashiriki kuubeba. Ukiuweka nje, nyuma ya jiwe la pili, ubao unainuka mbele. Chukua gari la kilo 1,200 pamoja na dereva, ekseli moja hadi nyingine mita 2.5, na tuseme ekseli ya mbele inabeba kilo 700. Pakia mifuko minne ya simiti ya kilo 50 kwenye buti, katikati ya mzigo iwe nusu mita nyuma ya ekseli ya nyuma. Kilo 200 mara 0.5, gawa kwa 2.5, unapata 40. Ekseli ya mbele imepoteza kilo 40, na ya nyuma haikuongezewa 200 bali 240.

Sasa panda mlima. Kwenye mteremko unaoinuka mita 15 kwa kila mita 100, na kitovu cha uzito kikiwa sentimita 60 juu ya ardhi, kilo nyingine 50 hivi zinahama kutoka mbele kwenda nyuma. Kwa hiyo magurudumu ya mbele yamebaki na kilo 610 kati ya 1,400. Yalikuwa yanabeba asilimia 58 ya gari, sasa yanabeba 44. Na Probox ya kawaida inavutwa na magurudumu hayohayo ya mbele, yanayoigeuza pia. Mzee hakukosea hata kidogo aliposema pikipiki.

Na ile raba? Raba inayosukumwa kati ya pete za springi inainua mkia ili gari lionekane limesimama sawa. Karibu haihamishi kitu. Uzito uko palepale ulipopakiwa. Ila imeifanya springi iwe ngumu, na hilo litaturudia baadaye.

Tuingie kwenye historia. Mashindano haya yalianza 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka huo wa kwanza hapakuwa na mshindi mmoja wa jumla, kwani magari yaligawanywa kwa madaraja ya bei. Mwaka uliofuata, 1954, Vic Preston alishinda akiendesha Volkswagen, kobe. Kobe likashinda tena 1957, na tena 1962 mikononi mwa Tommy Fjastad.

Watoto wa siku hizi wakiliona kobe wanacheka. Lakini angalia lilivyojengwa: injini iko nyuma kabisa, nyuma ya ekseli, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Takriban asilimia 60 ya uzito imekalia magurudumu yanayofanya kazi. Lipandishe mlima wenye matope na mteremko unahamisha uzito zaidi kwenda nyuma, yaani mahali hasa unapotakiwa. Kinachomnyang'anya mzee wa Probox ndicho kilichomlisha dereva wa kobe. Fizikia ni ileile, ila upande umebadilika.

Kobe lilikuwa na dosari yake. Magurudumu ya nyuma yalining'inia kwenye mihimili iliyokunjika karibu na giaboksi, kama mbawa za kuku. Gari likiruka kituta, mbawa zinashuka, magurudumu yanakunjika kuelekea ndani na mkia unatafuta njia yake. Kwa mwendo wa matope unalirudisha. Kwa mwendo wa kasi hupati nafasi ya pili. Kadiri Safari ilivyoongeza kasi, kobe liliachwa.

Halafu ikaja Peugeot 404, na hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 1963 magari 84 yalianza Safari na 7 yakamaliza. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 tena. Mvua za Pasaka zilikuwa zimekula barabara. Hiyo ndiyo miaka miwili migumu kuliko yote katika historia ya mashindano, na yote miwili aliyeshinda ni mtu mmoja katika aina moja ya gari: Nick Nowicki, msaidizi wake Paddy Cliff, Peugeot 404. Katikati, 1966 na 1967, Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda mara mbili na Chris Rothwell, tena kwa 404. Mara nne ndani ya miaka sita. Mtu akikuambia Safari ilikuwa bahati nasibu, mpe takwimu hiyo.

404 haikuwa gari la mashindano. Ilikuwa gari la daktari na mwalimu mkuu. Injini mbele, msukumo nyuma, na nyuma kuna ekseli nzima, yaani mti mmoja wa chuma unaounganisha magurudumu mawili, umebebwa na springi za mviringo. Ekseli hadi ekseli mita 2.65. Siri yake ilikuwa kwamba springi zilikuwa laini na magurudumu yalikuwa na nafasi kubwa ya kupanda na kushuka. Gurudumu likiingia shimoni, linashuka kufuata shimo na mwili wa gari unabaki ulipo. Gurudumu linalogusa ardhi linaweza kugeuza, kusukuma na kufunga breki. Lililoko hewani ni pambo.

Watu huchanganya springi na shokabzoba, au shoki kama tunavyoziita. Springi ndiyo inayobeba uzito. Shoki haibebi kitu; kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kucheza baada ya kituta. Springi huchaguliwa kwa uzito inaobeba, na shoki huchaguliwa kwa springi. Ukibadili ya kwanza bila kugusa ya pili umevunja mkataba kati yao.

Jambo hili lilifanyiwa utafiti mapema sana, mbali na kwetu. Mwingereza Maurice Olley alitoka Rolls-Royce akaenda Cadillac, Marekani, mwaka 1930. Alichukua gari refu la abiria, akalifungia vyuma vizito mbele na nyuma ambavyo angeweza kuvihamisha, akawa analiendesha akibadilisha uzito na springi, kisha anauliza waliokaa ndani wanajisikiaje. Siku zile magari yalikuwa na springi ngumu mbele kuliko nyuma. Olley akakuta kinyume chake ndicho kizuri: mbele iwe laini kidogo kuliko nyuma kwa kulinganisha na uzito wa kila upande. Sababu ni kwamba mbele hupiga kituta kwanza. Nyuma ikiwa na mcheko wa haraka zaidi, inaifikia mbele, na pande zote mbili zinapanda na kushuka pamoja badala ya gari kuyumba kama farasi wa mbao.

Nilipiga hesabu ya muda huo. Kwa kilomita 100 kwa saa, Peugeot 504, iliyoirithi 404 na yenye mita 2.74 kati ya ekseli, inapata milisekunde 99 kutoka pigo la mbele hadi la nyuma. Lancia Stratos yenye mita 2.18 inapata milisekunde 78. Kwa mtu ni kufumba jicho. Kwa springi ni tofauti ya kutosha kumtoa dereva barabarani.

Hiyo 504, kwa njia, inanipendeza kuliko magari yote ya hadithi hii. Peugeot waliijenga kwa namna tatu nyuma. Gari la watu lilikuwa na magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, kila moja kivyake. Gari la familia lenye mwili mrefu lilipewa ekseli nzima na springi mbili za mviringo kila upande. Pikap ikapewa springi za bamba. Jina moja, majibu matatu, kwa sababu mizigo ilikuwa mitatu. Waliokulia huku Bungoma na Kitale wanazikumbuka 504 hizo zikiwa matatu na magari ya mizigo, na zilidumu miaka mingi baada ya viwanda kuziacha.

Sasa Porsche. Injini ya 911 iko nyuma ya ekseli ya nyuma kama ya kobe, na mgawanyo wake ni karibu 40 mbele na 60 nyuma. Zile za mwanzo mkia wake ulikuwa mkorofi kiasi kwamba kiwandani walificha vyuma vya uzito ndani ya pembe za bampa ya mbele, kilo 11 hivi kila upande. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilicheka peke yangu, maana sijawahi kuona viraka vya dharura vilivyo wazi namna ile. Kwa magari ya mwaka 1969 wakaleta dawa ya kweli: magurudumu ya nyuma yalisogezwa nyuma milimita 57 huku injini ikiachwa mahali pake, na betri moja ikawa mbili ndogo zilizowekwa mbele kwenye pembe. Sehemu ya uzito wa injini ikaingia ndani ya ekseli. Milimita 57 ni kama upana wa vidole vitatu vya mkono wangu, na gari likawa jingine.

Kuja Safari nalo ni habari nyingine. Tangi la mafuta la 911 liko mbele. Likijazwa lita 100, hizo ni kilo 75 hivi za petroli zinazoshikilia pua. Unaondoka umetulia. Unavyozidi kwenda pua inapungua uzito, na saa ambayo dereva amechoka na giza limeingia ndiyo saa gari lenyewe limebadilika tabia. Ongeza magurudumu ya akiba, vifaa, taa, ngao ya chini na vyuma vya kukinga ng'ombe mbele. Kila kimoja kina kilo zake na mahali pake, na safari zenyewe siku zile zilipita kilomita 5,000.

Sobieslaw Zasada wa Poland alimaliza wa pili mwaka 1972 kwa 911. Mwaka 1974 alikuja Björn Waldegård wa Sweden na Carrera RS. Aliongoza, gari likapata hitilafu, akamaliza wa pili. Aliyemshinda ni Joginder Singh wa Nairobi, fundi wa magari aliyezaliwa Kericho, katika Mitsubishi Lancer ya injini ya 1600 yenye ekseli nzima nyuma na springi za bamba. Springi za pikap! Mwaka 1975 Waldegård akarudi na Lancia Stratos, gari lenye injini katikati, lililojengwa kwa ajili ya rali tu, bingwa wa dunia. Stratos zikawa ya pili na ya tatu. Wa kwanza: Ove Andersson, Peugeot 504. Mwaka 1976 Joginder akashinda tena na Lancer, na Lancer nyingine mbili zikafuata nyuma yake. Mwaka 1978 Porsche wakaja kwa nguvu zote na 911 SC zilizoinuliwa sentimita 28 kutoka ardhini. Vic Preston mdogo, mtoto wa yule wa kobe, akamaliza wa pili, Waldegård wa nne. Wa kwanza: Jean-Pierre Nicolas, Peugeot 504 Coupé.

Mara tatu gari la bei na umaarufu lilishindwa na gari la injini mbele na springi za kawaida. Kijijini jibu ni rahisi: Porsche si gari la Afrika. Mimi mwenyewe niliamini hivyo. Injini nyuma, mkia mzito, umekwisha. Niliamini pia kwamba gari bora lazima ligawanye uzito nusu kwa nusu, kwa kuwa ndivyo matangazo yanavyosema.

Ushahidi haukubali. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda akaja kushindania Kenya, ana ushindi mara tano, rekodi ambayo haijavunjwa. Wa kwanza, 1973, ulikuwa kwa Datsun 240Z, gari la michezo lenye uzito karibu nusu kwa nusu na magurudumu yote yanayojitegemea. Alifungana kwa alama na Harry Källström wa timu hiyohiyo, ikabidi kanuni ya kutenganisha itumike. Lakini ushindi wake wa nne mfululizo, 1979 hadi 1982, ulikuja katika Datsun Violet, gari la sanduku lenye ekseli nzima nyuma. Kwa karatasi walirudi nyuma kiteknolojia. Ekseli nzima ni nzito na haina heshima, lakini haina pembe za kupotea ukigonga jiwe: magurudumu yanabaki wima, na fundi anaielewa usiku wa manane.

Audi nao walijifunza kwa gharama. Quattro ilikuwa na msukumo wa magurudumu manne, lakini injini ya silinda tano ilining'inia yote mbele ya ekseli ya mbele, kwa hiyo pua ilikuwa nzito na haikupenda kona. Kwa rali za Ulaya walilifupisha gari sentimita 32 likawa Sport Quattro, na katika toleo la mwisho wakahamisha hata rejeta kwenda nyuma ili kusawazisha. Safari haikushindwa na lile fupi. Ushindi wa 1984, 1985 na 1986 ulichukuliwa na Toyota Celica Twin Cam Turbo, yenye msukumo wa nyuma pekee. Waldegård ndiye aliyekuwa kwenye usukani mwaka 1984 na 1986. Audi walishinda hatimaye 1987, nafasi ya kwanza na ya pili, Hannu Mikkola na Walter Röhrl, kwa Audi 200, gari refu na zito la wakurugenzi. Injini bado ilikuwa imening'inia mbele vilevile. Kilichobadilika ni urefu, na springi zilizochaguliwa kwa ule uzito kama ulivyokuwa.

Halafu kuna jambo lililonifanya niandike haya yote. Kuanzia 2003 kuna Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani kwenye barabara zetu za Afrika Mashariki. Mwaka 2011 yalishindwa na Björn Waldegård, wakati huo ana miaka 68, msaidizi wake akiwa mwanawe Mathias. Gari: Porsche 911. Mwaka 2015 Stig Blomqvist akashinda, gari ni 911. Mwaka 2019 Kris Rosenberger, 911 tena.

Mtu yuleyule, gari la ukoo uleule, barabara za ukanda uleule, miaka 37 baada ya kushindwa na Lancer. Injini haikuhamishwa. Uzito bado uko nyuma. Kilichobadilika ni kilicho chini yake: shoki za kisasa zenye mafuta ya kutosha kutochemka baada ya saa mbili za mashimo, springi zilizopimwa kwa gari likiwa limepakiwa kila kitu, mikono ya magurudumu iliyoimarishwa, na mafundi waliokwisha kujua kitakachovunjika. Nitakuwa muungwana niseme pia kwamba Classic ina mapumziko na kwamba wapinzani wake ni wazee wenzake. Hata hivyo hoja ya "mkia mzito hauwezi" imekufa pale.

Kwa hiyo usawa wa gari si namba ya nusu kwa nusu. Kobe la 60 nyuma lilishinda, Datsun ya katikati ilishinda, Audi ya pua nzito ilishinda. Yaliyoshinda ni yale ambayo springi na shoki zake zilijua uzito uko wapi, ukiwa umejaa na ukiwa umepungua. Mimi huwa naandika programu inayokimbia vizuri kwenye mashine yangu, watumiaji kumi, kisha naiachia watu elfu kumi na inaanguka. Nimeipima tupu. Peugeot waliipima 404 ikiwa imepakiwa.

Turudi kwa mzee na raba zake. Springi yake ya nyuma ikiwa na raba inafaa kwa mzigo wa simiti. Akishuka mtupu, uzito ule haupo, mteremko na breki vinausukuma uliobaki kwenda mbele, na nyuma kumebaki springi ngumu isiyo na cha kubeba. Shoki nazo ni zilezile za zamani, haziwezi kuituliza. Gurudumu la nyuma linarukaruka juu ya changarawe badala ya kuifuata, na kwenye kona iliyolowa, gurudumu linaloruka halina mshiko wa kando. Ndiyo maana mkia ulimtoka. Fundi aliyemwekea raba alitibu kuonekana kwa gari likiwa limejaa, akaharibu tabia yake likiwa tupu. Sisi tunaiita kurekebisha kosa moja na kuzaa jingine, na sina jiwe la kumrushia.

Nilirudi steji na daftari. Tulilipeleka gari kwenye mizani ya malori ya ghala moja la mahindi Kitale, tukapandisha magurudumu ya mbele peke yake, tukaandika, kisha gari zima. Tukafanya hivyo likiwa tupu, kisha na mifuko minne kwenye buti, kisha mifuko miwili kwenye buti na miwili sakafuni nyuma ya viti vya mbele, nusu mita mbele ya ekseli ya nyuma. Namba zilitofautiana kidogo na za daftari langu kwa sababu gari la kweli si ubao, lakini mwelekeo ulikuwa uleule: mifuko miwili kusogezwa mbele mita moja inarudisha kilo 40 hivi kwenye pua.

Mzee aliangalia karatasi kwa muda mrefu. Raba alikubali zitolewe, na springi alinunua mpya pamoja na shoki zake, jozi, kwa pesa ambayo najua ilimuuma. Kwenye mifuko ndipo tulipokwama.

"Hapo umeweka simiti," akasema, akigusa nafasi ya nyuma ya viti, "ndipo abiria anaweka miguu. Abiria watatu. Mfuko unanilipa kidogo, abiria ananilipa vizuri. Sasa wewe wa kompyuta nipigie hiyo hesabu pia."

Nimeipiga mara tatu. Safari ya kupanda akibeba mifuko minne na abiria wawili badala ya watatu, anapoteza nauli moja. Akibeba mifuko miwili na abiria wote, anapoteza malipo ya mifuko miwili, ambayo ni chini ya nauli moja kwa bei za steji yetu. Nilimwambia la pili ni nafuu. Akasema ataanza nalo siku ambazo mvua imenyesha.